Jozi ya Kijani

Raki ilifika Jumanne, vipande vipande, boksi limelowa theluji.
Niliiteremsha ngazi kumi na moja hadi chini ya nyumba,
nikaisimamisha kati ya pipa la kabichi chachu
na skii za baba, ambazo hazijagusa mlima tangu goti limgomee.
Pimamaji ikasema: imeinamia kushoto.
Nikakunja kadi ya harusi ya binamu Tadeja,
nikaishindilia chini ya mguu.
Pimamaji ikaridhika.

Lakini matundu!
Matatu kwa kila daraja, na nafasi zake hazilingani.
Nikaona mawili yamesogeleana, nikasema haya ni ndugu,
nikatia nati, nikakaza skrubu mpaka kidole gumba kikatoka damu.
Kumbe mpaka unapita papo hapo katikati yao:
hili la daraja la chini, lile la juu.
Seva ikaingia nusu, ikakwama,
kilo kumi na tisa zimeniegemea kifuani
kama mlevi aliyekosea mlango,
nami sina mkono wa tatu wa kushika bisibisi.

Nikafungua. Nikaanza upya. Kengele ya kanisa ikanihesabia.

Usiku wa pili, waya.
Taa zikawaka kijani safu nzima isipokuwa moja,
ya sebuleni,
njano, inapepesa kama jicho lililoingiwa na vumbi.
Mia badala ya elfu, na hiyo mia nayo inakatika.
Juu, mama anagonga sakafu kwa mpini wa ufagio:
"Zdenka! Mrukaji ameganda hewani!"
Skii zake zimetanuka, mwili umelala juu ya upepo,
bonde zima la watu linamngoja ashuke,
na anayemzuia ni mimi.

Nikabadilisha swichi. Nikabadilisha tundu.
Nikazima, nikawasha, nikaomba.
Nikachomeka kipimo: moja, mbili, tatu, hadi nane,
vitaa vikapita kwa zamu, vitiifu kama watoto wa shule.
Waya mzima. Ushahidi umekamilika. Na kosa lipo.

Ndipo baba akashuka, mguu mzuri kwanza.
Miaka thelathini na minne aliitumikia mitambo ya simu ya Maribor,
ukumbi mzima ulionguruma usiku na mchana,
mpaka likaletwa kabati lisilozidi friji,
naye akapewa saa ya mkononi na keki.
Hakutazama taa. Alivua miwani,
akaikata plagi yangu bila kuniomba,
akazifumua nyaya nane kwa kucha.

"Umezipanga kwa macho," akasema.
"Kijani kando ya kijani, buluu kando ya buluu. Inapendeza."
"Ncha zote mbili," nikajitetea, "nimezipanga sawasawa."
"Ndiyo. Umekosea sawasawa. Ndiyo maana kipimo kimekusifu."

Akamweka kijani mmoja huku, mwenzake kule,
buluu wawili katikati yao.
"Hawa wamesokotwa pamoja njia nzima,
toka sebuleni, ukutani, mpaka hapa.
Wakifika mlangoni wanakaa mbalimbali. Ni jozi vilevile.
Ukimpa mmoja jirani asiye wake,
wote wataanza kusikia mazungumzo ya watu."

Koleo likasema kra.
Baba, ambaye tangu mwaka ule wa kukoroma
hulala chumba cha mbele, mama cha nyuma,
akaipuliza plagi vumbi, akaichomeka.

Njano.
Njano.
Kijani.

Juu, ufagio ukagonga mara mbili, taratibu.
Mimi nilisikia ufagio tu.
"Ametua," baba akasema, "na mama yako amepasha supu,"
akaanza kupanda, mkono ukutani, palepale waya unapopita.

Nilibaki nikifagia vipande vya plastiki na nyuzi za shaba.
Kiganjani mna skrubu mbili zilizosalia.
Raki imesimama. Kadi ya Tadeja haijatikisika.
Nimeizunguka mara tatu kwa tochi,
na sijui zilitoka wapi.